Milamula Saba Kando ya Kaburi

Ihanda, Karagwe
22 Septemba 2024

Wifi yangu Deodatha,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana mama wa dagaa anayetubebea barua aliniambia safari iliyopita alikukuta umelala mchana na miguu imevimba. Usiache kuiweka juu ya mto. Mimi sijambo, kwa kadiri mtu wa miaka sitini na minane anavyoweza kuwa hajambo. Mvua zimeanza mapema. Maharage nimeshapanda chini ya migomba. Mwewe amechukua tetea mmoja, yule mweusi. Mwanangu Jovitus alipiga simu kutoka Geita, watoto wake wako shule. Nilimwambia asihangaike kukupigia wewe, masikio ya shangazi yake siku hizi yako machoni, ndiyo sababu tumerudi kuandikiana kama wasichana wa bweni. Alicheka. Ni mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu msiba.

Leo ni miezi mitatu na siku tano tangu tumzike kaka yako Kahigi. Bado natenga sahani mbili, na moja naiosha ikiwa safi. Panga lake, lile lenye pengo katikati ya makali, liko palepale juu ya mlango wa jikoni alipolitundika. Mhunzi alitaka kulisawazisha mara ngapi, naye akakataa. Alikuwa akisema panga likizeeka pamoja na mwenyewe linamjua mkono.

Sasa jambo lenyewe. Unakumbuka Kahigi aliomba azikwe karibu na mama yenu, lakini wachimbaji wakakuta jiwe, tukampeleka kwenye ile pembe ya kibanja chetu cha migomba inayopakana na jirani yetu Twagirayezu. Jumanne nilikwenda kutandaza nyasi kaburini. Nikakuta milamula saba imetokeza kwenye matandazo, kila mmoja urefu wa shubiri, imenyooka kwenye mstari kama watoto wa shule. Mstari huo hauko kwenye mpaka wetu. Uko ndani yetu, hatua tisa, na unapita upande wa huku wa kaburi. Unajua kwetu mulamula ni neno la mwisho, mtu akiuona haulizi tena shamba la nani limekoma wapi. Kwa mstari ule, kaka yako amelala kwa Twagirayezu. Na mahali palipoachwa ubavuni pake, pangu mimi, napo ni kwa Twagirayezu.

Sikuigusa. Mama yenu alinifundisha wiki niliyoolewa kwamba mulamula haung'olewi, na anayeung'oa kwa mkono wake nyumba yake haikai watu.

Mimi nilipoolewa ile pembe ilikuwa kichaka kitupu, mpaka ulikuwa humo ndani na sikuwahi kuingia. Wewe ulichunga mbuzi pale. Niambie mpaka wa zamani ulipita wapi, niende kwa balozi wa nyumba kumi na neno la mtu anayeujua. Sina kingine ninachokitaka sasa, wifi, isipokuwa kuja kulala pale.

Wako,
Kemilembe


Rubwera, Kyerwa
13 Oktoba 2024

Kemilembe, mke wa kaka yangu,

Marahaba. Barua yako imenuka dagaa hadi paka akailalia siku mbili, nikaipata ikiwa na joto. Miguu iko juu ya debe, mto nimenyang'anywa na mjukuu. Hapa watumishi wanapita asubuhi na jioni kwenda ofisini na pikipiki zao, nami naona midomo tu ikicheza. Siyo vibaya. Wengi wao nadhani hawana la maana.

Umenikumbusha Kahigi. Alipokuwa na miaka sita hivi alikula kahawa zote za kutafuna alizowekewa mgeni, akajaza changarawe kwenye kile kikapu. Mgeni alikuwa padri. Baba alimtafuta na fimbo kutwa nzima, kumbe amejificha kwenye mtumbwi wa kukamulia ndizi za rubisi, amelala. Nilijua alipo, sikusema. Mimi sikuwahi kumtaja Kahigi kwa mtu.

Kuhusu hiyo mimea, mvua ikinyesha vitu huota. Mimi niliondoka hapo mwaka 1966, mpaka siukumbuki. Funika nyasi, usitazame sana. Kile kipembe marehemu alikiangalia mwenyewe na hukuwahi kuhangaika nacho, basi na sasa usihangaike.

Nitumie mbegu za yale maharage mekundu.

Dada yako,
Deodatha


Ihanda
27 Oktoba 2024

Wifi Deodatha,

Shikamoo. Mbegu zimo kwenye kitambaa, nimekupa na za njano. Kahawa ya msimu imekwisha kukauka, migomba inaendelea vizuri ila miwili imeangushwa na upepo. Hadithi ya padri sikuwahi kuijua. Miaka arobaini na sita ya ndoa na kuna vitu hakunisimulia. Nimeiweka pamoja na nyingine nilizo nazo.

Hukunijibu nilichokuuliza, nikasema ni umri. Basi nimeanza kuchunguza mwenyewe pamoja na Anonciata, yule mjane wa ng'ambo ya barabara aliyekuwa mpishi wa parokia. Ana jicho moja zima, lakini anasema alikuwa anajua dhambi za watu kwa jinsi walivyorudisha sahani. Tumepima kwa kamba ya mgomba. Kutoka mulamula mmoja hadi mwingine ni hatua tano, zote saba sawasawa. "Hii siyo kazi ya ndege," Anonciata akasema. "Aliyepanda alikuwa na kamba na subira."

Tukamwaga majivu kuzunguka ile mimea ili tuone nyayo. Siku ya kwanza kuku. Siku ya pili Anonciata aliinama, akaniita kwa kunong'ona: "Njoo, mwizi wetu ana viatu vya plastiki na anatembea na fimbo." Nikamwambia atazame miguu yake mwenyewe. Tulicheka mpaka tukakaa chini, pale pale kando ya kaburi, na nilipokumbuka tumekaa wapi nikainuka. Siku ya tatu hapakuwa na kitu.

Kisha tulikwenda kwa Twagirayezu. Unamfahamu, wazazi wake walitoka Rwanda yeye akiwa mgongoni, ndiye aliyeondoka mwaka ule wa 2013 wa kuondoshwa watu wasio na karatasi za uraia, akarudi baada ya mwaka mmoja. Mkewe Costansia alitukaribisha vizuri, akatupa kahawa za kutafuna juu ya jani la mgomba kama inavyotakiwa kwa mgeni wa heshima. Nilimwomba mzee aje aone. Alikuja, akasimama mbele ya ile milamula, akavua kofia. Nikamwuliza, "Mzee, hii ni nini?" Akasema, "Haya." Akavaa kofia, akarudi kwake.

Anonciata anasema mtu asiye na kosa hupiga kelele. Mimi pia naona hivyo. Nimemweleza balozi Ndyamukama, na baraza litakaa tarehe 9 Novemba kabla viongozi hawajaingia kwenye mambo ya uchaguzi. Nakuomba unijibu kabla ya siku hiyo. Neno moja linatosha.

Wako,
Kemilembe


Rubwera
3 Novemba 2024

Kemilembe,

Habari za hapa ni nzuri. Mbegu nimezipata.

Usimpeleke yule mzee barazani. Kama umeshasema kwa balozi, rudi ukaseme umekosea. Mjane husamehewa, watasema ni majonzi. Usiniulize sababu. Miguu leo inauma, siwezi kuandika zaidi.

Deodatha


Ihanda
24 Novemba 2024

Wifi,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe tatu nimeipata jana. Mama wa dagaa alilazwa na malaria wiki mbili, barua ikakaa kwenye kikapu chake muda wote. Ameniomba radhi mara nyingi, nami nimemwambia siyo kosa lake, na kweli siyo lake.

Baraza lilikaa. Nitakueleza lilivyokwenda, kwa sababu tangu siku ile linapita kichwani kwangu hata nikichambua maharage.

Ndyamukama alimwuliza, "Mzee Twagirayezu, ulipanda hii milamula?"

"Sijapanda."

"Nani amepanda?"

Akashika ukingo wa kofia.

"Unamjua aliyepanda?"

"Balozi, mimi ni mtu wa kukaa kwa amani. Kama mama anasema ni mpaka wake, basi ni mpaka wake."

Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Hawa ukiwapa kivuli kesho wanataka mti." Watu wakacheka. Nilimsikia, Deodatha. Nilikuwa nimevaa kile kitenge cha msiba, nimekaa mbele, na kila mtu alikuwa upande wangu. Sikugeuka kumwambia anyamaze.

Hapo Costansia akasimama. Hakupaza sauti. Alisema, "Mwulizeni aliyelala pale," akanyoosha kidole upande wa kibanja chetu. Kelele zikaanza, wanawake wakamwambia hana adabu kwa marehemu. Ndyamukama akatoa uamuzi kwamba wasikanyage tena zile hatua tisa na kwamba waniombe radhi. Mzee alikuja mpaka nilipokaa. Alivua kofia. Akasema, "Mama Jovitus, nisamehe." Mkono wake ulikuwa mkavu kama ganda la mgomba. Nikampa wangu.

Baada ya siku sita nyumba yao ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Kuku wamewaacha kwa jirani. Jembe limeegemezwa ukutani kana kwamba mtu amekwenda kunywa maji. Wanasema wamekwenda Nyabiyonza kwa Ingabire, mdogo wake Costansia. Mikungu yao inaivia juu na ndege wanaila.

Nilishinda. Wiki hii senene wameanguka wengi, Anonciata aliniletea bakuli la waliokaangwa, na sikuweza kuwameza. Naona kofia ile.

Sasa niambie. Kwa nini uliandika nisimpeleke?

Kemilembe


Ihanda
15 Desemba 2024

Wifi Deodatha,

Shikamoo. Mama wa dagaa amekuja mara mbili mikono mitupu. Anasema uko salama, unakula, na kwamba alipokuuliza kama kuna barua uligeukia ukutani. Jovitus hatakuja Krismasi, hajapata ruhusa kazini. Mvua ni nyingi. Milamula imefika gotini.

Jumatano niliufukua mmoja. Sikuung'oa. Nilimwita Anonciata asimame shahidi, tukasali Baba Yetu, nikapiga magoti nikaondoa udongo kwa mikono. Nilitegemea kukuta kipande cha fimbo kilichochomekwa, na vijizizi vyembamba vya mwezi mmoja au miwili, kama mulamula wowote uliopandwa juzi.

Nimekuta kisiki. Kinene kama paja langu, wifi. Mizizi yake ya rangi ya manjano imekwenda chini nisikoweza kufikia. Huo mmea ni mzee kuliko ndoa yangu. Hakuna aliyeupanda mwaka huu. Umekuwa pale muda wote na umekuwa ukikatwa chini kabisa, usawa wa ardhi, kisha unafunikwa nyasi. Nimeona mikato yenyewe. Mingine ni ya zamani imekuwa myeusi, mingine imefunikwa na ganda, imepandana kama ngazi, na ule wa juu kabisa ni wa mwaka huu, kabla ya masika. Na kila mkato una mstari mwembamba ulioinuka katikati, mahali ambapo chuma hakikugusa.

Anonciata aliuona kwa jicho lake moja kabla yangu. Nilikwenda jikoni, nikashusha panga, nikaliweka juu ya kisiki. Pengo likakaa kwenye ule mstari.

"Funika," Anonciata akaniambia. "Funika, mama, twende nyumbani."

Nilifunika. Lakini kuna kitu kimoja nataka ukijue, kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Kila mwaka, kabla ya mvua na baada ya mvua, Kahigi alikuwa akichukua panga lile kwenda kwenye ile pembe peke yake. Nikitaka kumfuata alinizuia. "Wewe mgongo wako," alikuwa akisema, "kule ni mawe matupu, nipikie tu." Akirudi amelowa jasho, anakaa kimya, anakunywa rubisi kidogo, nami nampaka mafuta mikononi. Miaka kumi na mmoja. Nimewasimulia wanawake wote wa jumuiya kwamba mimi nilipata mume ambaye hakuniacha nilime kwenye mawe. Niliwasimulia hata siku ya matanga. Nilipofukua nilitafuta hayo mawe. Udongo wa pale ni laini kama unga.

Na kingine. Twagirayezu aliporudi, Kahigi ndiye aliyekwenda kumtolea ushahidi kwamba ni mkazi wa siku zote. Nilimpigia pasi shati siku ile. Nilijisifu kwa ajili yake.

Costansia alisema tumwulize aliyelala. Aliyelala hajibu, na wewe hujibu. Sitakuuliza tena. Niandikie hata kama ni kuniambia tu kwamba huko kuna mvua au hakuna.

Kemilembe


Rubwera
12 Januari 2025

Kemilembe,

Hapa mvua imekatika. Uvimbe wa miguu umefika magotini sasa, daktari amenipa dawa za kukojoa, nashinda njiani kwenda chooni. Barua zako zote nimezisoma. Ya mwisho nimeisoma mpaka karatasi ikachanika kwenye mikunjo.

Mwaka ule mama alipokufa nilikaa hapo wiki sita. Wewe ulikuwa umelazwa na mgongo. Twagirayezu na mkewe walikuwa wameshaondoka na wenzao, wamevuka na godoro moja na sufuria. Tulijua hawatarudi. Hakuna aliyefikiri watarudi. Kahigi akasema kile kichaka kitachukuliwa na watu baki, afadhali tukichukue sisi. Nilishika ncha moja ya kamba, yeye akashika nyingine. Tulipofika kwenye milamula ya zamani aliweka panga chini. Akasema, "Dada, mimi hii siwezi kuing'oa."

Ni mimi niliyemwambia kwamba kukata siyo kung'oa. Yale maneno ni yangu, yeye hakuyatoa kichwani mwake. Nilimwambia aikate, apande mingine kule mbele, na Mungu haoni kosa kwenye kukata. Alikubali kwa sababu mimi ndiye niliyemlea.

Haikufa. Kila mwaka alinipigia simu, wakati huo nilikuwa nasikia. "Dada, imetoka tena." Nikamwambia aikate tena. Twagirayezu aliporudi, Kahigi alinieleza jinsi mzee alivyosimama kwenye mpaka mpya na kofia mkononi, akatazama, halafu akaomba atolewe ushahidi kwa ajili ya karatasi zake. Kahigi akaenda. Mmoja hakutaja mpaka, mwingine hakutaja karatasi. Mara mbili au tatu Kahigi alitaka kurudisha ile sehemu. Nilimwuliza, utawaambia nini watu? Utamwambia nini Kemilembe, anayekuona kama mtakatifu kanisani? Jina lako ndilo lililomzuia. Nisamehe kwa kukuambia hilo, lakini ulitaka kujua.

Siku ya mazishi, walipogonga jiwe, waliniuliza mimi kama mkubwa wa nyumba. Nilinyoosha mkono. Ningeweza kuonyesha kwingine, kibanja ni kikubwa. Nimekaa hapa miezi saba nikijiuliza kwa nini mkono ulikwenda kule. Labda nilitaka ardhi ile iwe yake kweli, kwa kuwa alishaitesekea.

Sasa unajua. Sina cha kukushauri. Siku zile za mtumbwi wa rubisi, nilipokaa kimya, hakuna aliyeumia ila padri na changarawe zake.

Deodatha


Ihanda
9 Februari 2025

Wifi yangu Deodatha,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na Anonciata anakusalimu ingawa hamjuani. Maharage mekundu tumevuna, siyo mengi, mvua za mwisho ziliyaozesha. Jovitus amepata mtoto wa nne, wa kike. Nilimwomba asimpe jina langu.

Wiki iliyopita tulikwenda Nyabiyonza, mimi na Anonciata, kila mmoja na pikipiki yake. Mwendeshaji wangu alipunguza mwendo kwenye makorongo bila kuambiwa. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Ningeanza kwa kurudi barazani, ningesema mbele ya watu walewale, ningemwomba mzee arudi na nikamshike mkono kwenye mstari ule wa zamani.

Kwa Ingabire tulimkuta Costansia anachambua kahawa kwenye mkeka. Nyuma ya nyumba, kando ya migomba ya watu, kulikuwa na udongo uliofunikwa nyasi ambazo bado zilikuwa na kijani. Mzee alikufa tarehe 19 Januari. Hakuumwa, alisema Costansia. Alipunguza kula, akapunguza kusema, ikafika siku akapunguza vyote.

Alituletea maji. Mara ile ya kwanza alitupa kahawa, wifi, unakumbuka nilikuandikia. Kikapu kilikuwa kimejaa pale mkekani, mkono wake ulikuwa ndani yake, na alituletea maji. Nilikunywa yote.

Nikamwambia, "Nimekuja kurudisha."

"Utamrudishia nani?"

"Wewe, Costansia. Nimeona visiki. Najua."

"Mimi nilijua siku tuliyorudi," akasema. "Alinikataza. Alisema Kahigi ni mtu mzuri, amebanwa na ile ardhi kuliko sisi." Akaendelea kuchambua, punje mbovu huku, nzuri huku. "Sirudi huko. Nitalala hapa alipolala yeye. Na wewe, mama Jovitus, utalala wapi?"

Niliweka kikombe chini. Costansia akatazama mawingu, akasema, "Nendeni. Njia ile ikilowa haipitiki." Alitusindikiza mpaka barabarani kama mtu anavyomsindikiza mgeni yeyote, hakunishika mkono.

Niliporudi nilikwenda kwa Ndyamukama kueleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Mama, shauri limefungwa," akasema. "Mzee amekufa, mkewe hataki, watoto hawana. Nikiandika leo, namwandikia nani?" Nikamwambia basi awaite watu, niseme tu. Akasema watu wameshasahau, nisiwakumbushe jambo la kumchafua marehemu. Jumapili nilisimama jumuiyani baada ya sala, nikasema mwenyewe. Walinipa pole. Mmoja aliniambia majonzi yakizidi mtu huona visivyokuwepo. Yule aliyesema maneno ya kivuli na mti alinibebea mzigo mpaka nyumbani.

Milamula imefika kiunoni. Siikati. Nimetoa panga juu ya mlango, na mlango sasa unaonekana kama uso wa mtu aliyeng'olewa jino. Kaburini bado nakwenda, natandaza nyasi, lakini nakaa upande wa huku wa mstari na kunyoosha mkono.

Nimempigia Jovitus, na katekista ameniandikia kwenye karatasi nikatia sahihi. Nikifa wanizike nyuma ya jiko, kwenye ardhi yetu. Jovitus aliniomba nirudie, nikarudia. Kisha akasema, "Mama, utakuwa mbali na baba." Nikamwambia siyo mbali sana, ni hatua thelathini na moja, nimepima kwa kamba na Anonciata.

Swali la Costansia ndilo hilo nimelijibu. Jambo lako wewe sijaliweza. Umeniomba msamaha katikati ya barua kwa jambo dogo, na lile kubwa hukuliomba, nami nakushukuru, maana ningelazimika kukujibu. Kuna asubuhi naamka nimekusamehe na ikifika saa sita sijakusamehe. Weka miguu juu ya mto, mwombe mjukuu akurudishie. Mama wa dagaa anakuletea ndizi mbivu na mafuta yale niliyokuwa nampaka kaka yako mikononi, jaribu kwenye magoti.

Kila jioni ukishika rozari najua unawataja wafu wako mmoja mmoja. Baada ya Kahigi, mtaje Twagirayezu. Na pumzi ikibaki, ingawa bado niko hai, unikumbuke na mimi.

Wifi yako,
Kemilembe